Kitenzi kinachoning'inia katika sentensi za Kiingereza

"Walking to school, the rain started." Kila neno hapo limeandikwa sawasawa, lakini mwalimu atapiga mstari mwekundu. Shida ni "walking". Kitenzi kimetangulia bila mtendaji wake, na mtendaji huyo hatajwi popote mbele. Kitenzi cha aina hii husemwa kinaning'inia, na kwa Kiingereza huitwa "dangling participle".

Kitenzi chenye "-ing" kisicho na kiima chake hukopa kiima cha kishazi kinachofuata mkato. Hapa kiima hicho ni "the rain". Kwa hiyo mvua ndiyo iliyokuwa ikienda shule!

Mzungumzaji wa Kiswahili hunaswa kirahisi kwa sababu lugha yake haimwachii pengo hilo. "Nilipokuwa nikienda shule, mvua ilianza" imenyooka, kwa kuwa "ni-" imeshamtaja mwendaji ndani ya kitenzi chenyewe. "Walking" haibebi nafsi yoyote. Ukiitafsiri sentensi yako ya Kiswahili, "ni-" inadondoka njiani.

Tiba ni mbili. Ama mtaje mtendaji mara tu baada ya mkato: "Walking to school, I was caught in the rain." Ama kipe kitenzi kiima chake: "While I was walking to school, the rain started." Wengi huchomeka "while" peke yake, wakabaki na "While walking to school, the rain started". Hapo hujatibu kitu, kiima bado hakipo.

Kauli ya kutendwa ndiyo inayolificha kosa hili zaidi, hasa kwenye ripoti za maabara na maelezo ya mapishi: "After boiling the beans, salt is added." Nani kachemsha maharage? Chumvi. Andika "After boiling the beans, add salt", maana kitenzi cha kuamuru kina "you" ndani yake. Ila "considering", "regarding" na "generally speaking" ziache zilivyo. Siku hizi hazidai mtendaji.

Pengo hilohilo limo kwenye "it". "Take the book out of the bag and put it on the table": kiwekwe kitabu au mkoba? Kwa Kiswahili ngeli inaamua, "ukiweke" ni kitabu, "uuweke" ni mkoba. (Kwa watu ngeli haisaidii: "Juma alimwambia Ali kuwa amefeli" ni tata kama ilivyo kwa Kiingereza.) "It" inapoweza kugusa nomino mbili, irudie ile unayoitaka: "put the book on the table". Wanafunzi huogopa kurudia neno kwa sababu ya nasaha za darasa la insha, lakini msomaji husumbuliwa zaidi na kubahatisha.