Kache ya folda ya pamoja: kwa nini faili ulilosevu hapa linaonekana la zamani kule

Saa nne asubuhi, steshenari moja ya Kariakoo. Dada wa kaunta amerekebisha jina la bwana harusi kwenye kadi ya mchango, amesevu, na amepaza sauti: "Kaka, tayari, printi!" Kaka wa mashine yuko chumba cha nyuma, hatua sita tu kutoka hapo. Anageukia skrini yake, anaprinti. Kadi mia mbili zinatoka na jina lilelile lililokosewa. Dada anaapa amesevu. Kaka anaapa faili ni hilohilo, kwenye folda hiyohiyo. Nilipoitwa, maneno yalishakuwa makali, na mimi nilikuwa nimekuja kutengeneza printa tu.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kilichowagombanisha kinaitwa kache.

Kache ni jibu lililowekwa karibu ili mtu asilifuate mbali tena. Mfikirie Mangi wa mtaani kwako. Ukimuuliza kama sukari ipo, hanyanyuki kwenda stoo. Anajibu kwa alivyoona alipopita huko asubuhi, na mara nyingi anapatia, ndiyo maana foleni yake inakwenda. Tatizo ni pale mdogo wake anapokuwa ameuza mfuko wa mwisho dakika hiyohiyo kwa mlango wa nyuma. Mangi hajakudanganya, ila habari yake imelala.

Kompyuta nayo hufanya hivyo inapotumia folda iliyo kwenye kompyuta nyingine. Ofisi nyingi ndogo hapa Dar zinashea folda kwa njia ya Windows, ambayo chini yake kuna itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuongea, inayoitwa SMB. Tangu toleo la pili la SMB, lililokuja na Windows Vista, kompyuta inayoomba hukaa na majibu ya aina tatu: orodha ya majina yaliyomo kwenye folda, taarifa za faili kama ukubwa na tarehe, na jibu la kwamba faili fulani halipo. Kwa mipangilio ya kawaida, mawili ya kwanza hudumu sekunde 10 na la tatu sekunde 5. Hilo la tatu huwa linanichekesha. Programu ikitafuta faili sekunde moja kabla mwenzako hajalisevu, ikaambiwa halipo, basi inaweza kuendelea kusisitiza kwamba halipo hata baada ya faili kutua.

Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba faili la pamoja linachelewa, usikimbilie kubadilisha swichi ya mtandao wala kumpigia simu mtu wa intaneti. Muulize kwanza: linachelewa kwa muda gani? Nasisitiza swali hili kwa sababu kila aina ya ucheleweshaji ina saa yake, na saa hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji.

Kipimo ni rahisi. Kwenye kompyuta ya mbele tengeneza faili la maandishi matupu, andika ndani yake saa iliyopo ukutani, sevu. Kwenye kompyuta ya nyuma kaa umeikodolea macho folda na uhesabu. Jina likitokea ndani ya sekunde kumi hivi, au ukibonyeza kitufe cha F5 cha kuisoma folda upya likajitokeza, hiyo ni kache ya SMB na haina ugonjwa wowote. Kama kompyuta ya nyuma ni ya Linux na inaifikia folda kwa NFS, itifaki nyingine ya kushea, subira ni ndefu zaidi: kwa mipangilio yake ya kawaida, taarifa za faili hukaa kati ya sekunde 3 na 60, na za folda kati ya 30 na 60. Mtu aliyezoea Windows atadhani mtandao umekufa, kumbe ni dakika moja tu ya kungoja.

Lakini sekunde kumi haziwezi kueleza kadi mia mbili. Dada alisevu, akamaliza kuongea na mteja, ndipo akaita. Nikasogea kwenye mashine ya kaka na kumuuliza kadi ile aliifungua saa ngapi. "Tangu tulipofungua duka."

Basi hapo hakukuwa na SMB ya kulaumu. Programu nyingi za dizaini, faili likifunguliwa, hulisoma na kulipakia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha hufanya kazi na nakala hiyo. Kubadilika kwa faili kwenye folda hakuigusi nakala iliyo wazi. Nyingine hutoa onyo kwamba faili limebadilishwa na mtu mwingine, nyingine hukaa kimya. Ucheleweshaji wa namna hii hauna sekunde wala dakika: unadumu mpaka ufunge na kufungua upya. Tena una hatari kubwa kuliko ule wa kwanza, maana kaka angebonyeza sevu bila kufikiri, nakala yake ya asubuhi ingeweza kuyafuta marekebisho ya dada.

Yaliyomo ndani ya faili, SMB yenyewe huyalinda vizuri kuliko orodha ya majina. Seva humpa mtumiaji ruhusa ya kukaa na nakala, na mtu mwingine akitaka kuandika, seva humnyang'anya yule wa kwanza ile ruhusa. Ndiyo maana ukifungua faili upya kwa kawaida unapata jipya, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye orodha bado ni ya zamani.

Kuna aina ya tatu, inayopimwa kwa saa au hata siku. Hii hutokea zaidi kwenye laptopu ya bosi. Siku moja mtu aliiwekea folda alama ya kupatikana hata nje ya mtandao, ili bosi asome akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Tangu hapo Windows inatunza nakala nzima ndani ya laptopu na kuisawazisha kwa nafasi yake, na ikiona mtandao unasuasua huamua yenyewe kufanyia kazi nakala ya ndani. Bosi anaona folda kama kawaida, hajui kwamba anaangalia ya juzi. Namna ninayoipenda ya kuikamata ni kuifungua folda hiyohiyo kwa namba ya IP ya seva, yaani anwani yake kwenye mtandao, badala ya jina lake. Windows huichukulia kama seva nyingine na kwenda kuuliza upya. Kwa namba ukaona jipya na kwa jina ukaona la zamani, umeshampata.

Na kabla hujaamini tarehe ya faili, angalia saa ya kompyuta yenye folda. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na faili jipya linajipanga chini ya orodha kama la kale. Faili lililokopiwa kutoka kwenye flashi nalo huja na tarehe yake ya mwanzo ya kubadilishwa, si ya leo.

Mafundi wengine wanapenda kuzima kache moja kwa moja. Inawezekana: kwenye PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kuna amri ya Set-SmbClientConfiguration, na thamani za DirectoryCacheLifetime, FileInfoCacheLifetime na FileNotFoundCacheLifetime zinawekwa 0. Inafaa pale programu mbili zinapopokezana mafaili kila sekunde bila mtu katikati. Kwa steshenari siioni sababu. Kila kubofya folda kutageuka safari ya kwenda seva, na folda yenye mafaili elfu kadhaa itaanza kujivuta.

Pale Kariakoo sikugusa mpangilio wowote. Tulikubaliana kila rekebisho lisevuliwe kwa jina jipya lenye namba mwishoni, na dada aseme namba anapoita: "Kaka, printi ya tatu!" Kaka asiyeiona ya tatu kwenye folda anabonyeza F5 na kungoja, haprinti ya pili. Zile kadi mia mbili hazikutupwa. Ziko chini ya kaunta, na dada anapigia hesabu za siku mgongoni mwa kadi hizo.