Wa kwangu anajikulia pekee yake tangu mwaka moja

Siku ya CPS, ile ya kupima watoto kilo, hii maneno lazima niisikie. Hapa Bukavu wamama wanapangana kwenye benchi toka saa mbili, mmoja anatoa gobleti ya uji, anaanza kulisha mtoto wake wa miaka mitatu, na kijiko cha pili hakijafika mdomoni jirani ameshafungua kinywa: "Mutoto mukubwa vile unamulisha bado? Wa kwangu anajikulia pekee yake tangu mwaka moja." Wengine wanacheka. Mama wa gobleti naye anacheka kidogo kwa haya, anafunika uji, anauficha ndani ya kitenge. Nusu ya ule uji ilikuwa iingie tumboni mwa mtoto na sasa haitaingia, na mtoto mwenyewe anaangalia kitenge kile kama mtu aliyeibiwa.

Nisijifanye msafi. Mi ni nutrisioniste, mtu wa mambo ya lishe, na nimefanya hivyohivyo, tena mbaya zaidi juu nilikuwa nimevaa blusi nyeupe ya waganga. Nilikuwa bado mpya kazini, akaja mama na binti wa karibu miaka mitatu na nusu, anachota uji kwa kidole chake mwenyewe anampakaa kwenye ulimi, nikasema mbele ya watu wote, mama, huyu si mtoto wa kunyonya, muachie gobleti ashike. Hakunijibu, alininyooshea tu kadi. Nikasoma: mtoto ametoka UNTI juzijuzi, ile wodi ya hospitali ya watoto wenye utapiamlo mkali wanaofika na homa au kuhara au kuvimba juu yake, ambao wanaanzishwa kwa maziwa ya F-75 kidogokidogo maana mwili hauwezi kupokea chakula cha kawaida. Mtoto wa hivyo hamu ya kula inamtoka kabisa, hata ukimuwekea nini anageuza shingo, na anayemrudishia ile hamu, kidole kwa kidole, ni mama yake. Yule niliyekuwa namfundisha. Niliomba msamaha lakini benchi nzima ilikuwa imeshanisikia.

Sasa hii mambo ya "mwaka moja". Kuna orodha moja ya hatua za ukuaji ambayo Marekani waliirekebisha 2022, kituo chao cha kuzuia magonjwa, CDC, inasema mtoto wa miezi 9 anakokota chakula kwa vidole vyote kama reki, wa mwaka 1 anaanza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, wa mwaka na nusu anajilisha kwa vidole na anajaribu kijiko (anajaribu, nimesema) na kikombe anakunywa huku anamwaga, wa miaka 2 ndo anakula na kijiko. Na walichagua umri ambao watoto 75% au zaidi wameshafika pale, yani kwa kila watoto wanne mmoja anaweza kuwa hajafika bado na tukichunguza tukakuta mzima tu. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa mtu "alijikulia pekee yake" kwa mwaka mmoja, jua alikuwa anaokota, na kuokota si kushiba.

Halafu kijiko chenyewe, sisi tunakula bugali. Angalia siku moja mtoto wa miaka miwili na nusu anavyokata bugali ya moto, anaipulizia, anaizungusha kwenye kiganja, anaichimba kwa kidole gumba ipate shimo, anachota sombe, yale majani ya muhogo, bila kuimwaga mpaka mdomoni, ile ni kazi ya mikono ngumu kupita kijiko, na hakuna orodha ya kigeni itakayompa alama.

Lakini penye mi naona tunajidanganya zaidi ni sahani moja. Watoto watano wamezunguka sahani, bugali katikati, sombe pembeni, juu yake sambaza chache, wale samaki wadogo wa ziwa. Wa miaka minane ameshameza matonge matatu, mdogo bado anapuliza lake. Akinyoosha mkono kwa sambaza, sambaza zimeisha, maana wakubwa siku zote wanaanza na sambaza, si unajua, hata sisi tulifanya hivyo. Anabaki anapangusa majani ya sombe na kipande cha bugali, mama anapita mbio na ndoo ya maji, anaona mkono wa mtoto unaenda na kurudi, anafurahi: anajikulia. Ni kweli anajikulia, ila hakuna mtu anayejua amekula kiasi gani, na yeye hawezi kukwambia.

Ndiyo maana mashauri ya OMS, shirika la afya la dunia, na UNICEF, na sisi tunayarudia mpaka tunachosha watu, ni mtoto mdogo awe na sahani yake. Mtoto wa miezi 9 mpaka 23 anahitaji kula mara 3 mpaka 4 kwa siku, na katikati umpe kitu kidogo kama ndizi au avoka mara 1 au 2, juu tumbo lake ni dogo, halibebi chakula cha siku nzima kwa mara moja. Na mashauri hayohayo yanasema mtoto mchanga alishwe, mkubwa kidogo asaidiwe wakati anajilisha, polepole, unamwangalia machoni, unaongea naye, unamtia moyo bila kumlazimisha. Kusaidiwa! Hakuna penye wameandika umuachie sahani uende zako, na pia hakuna penye wameandika umlishe mpaka aende shule ya msingi.

Tusisahau tunaongelea hii kitu wapi. Ule uchunguzi mkubwa wa nchi wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka 5 Kongo nzima ni wafupi kuliko umri wao juu ya kukosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, na Kivu zetu mbili zilipita nusu. Sisemi ni kosa la sahani moja, hapana, kuna vita, kuna mashamba watu waliyakimbia, kuna malaria na kuhara, kuna bei ya sokoni. Nasema tu kwamba kwa nchi ya hivyo, kumchekea mama anayeongeza vijiko kumi kwa mtoto wake ni ujinga, na blusi yangu nyeupe iko ndani ya hilo neno.

Na ubaya wa hii hukumu inapiga pande zote mbili. Mama anayeuza nyanya soko la Kadutu anatoka nyumbani giza bado, mdogo anabaki na dada yake wa miaka tisa, lazima ajue kujilisha mapema, atafanya nini? Huyo naye wanamsema, eti amemtupa mtoto, tazama nguo yake imejaa maharagi mpaka mgongoni. Anayelisha ni mdekezaji, asiyelisha ni mvivu, sijui yupi anabaki. Bibi wa nyumbani naye ana maneno yake, na mume akirudi ana ya kwake.

Kuna kitu ambacho watu wenye pesa hawakioni: kumuachia mtoto ajifunze kunagharimu chakula. Njia ile ya Uingereza ya kumuwekea mtoto vipande mbele achague mwenyewe tangu miezi sita, nzuri, lakini pale nusu inaanguka chini, na kwa nyumba yenye sambaza za kuhesabu nani atakubali? Mi nawaambiaga wamama hivi: mpe kwanza tonge la bugali au kipande cha kiazi kitamu kilichoiva vizuri, laini, ashike, aharibu, ajipake usoni, akijifunza na hicho cha bei ndogo wewe unamlisha kile cha maana, samaki iliyotolewa mifupa, yai, maharagi yaliyopondwa. Vijiko viwili pia inafaa, kimoja cha kwake cha kuchezea na kimoja chako cha kazi. Mikono minawishwe kwanza, yake na yako, na sabuni, hata kama bomba halijatoka maji tangu jana bakisha kikombe kwa hiyo. Karanga nzima usimpe, mtoto chini ya miaka minne inaweza kumziba koo.

Kumkaba je? Kumlaza kwenye mapaja, kuziba pua na kumimina uji ndo ameze? Acha kabisa. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto anayekabwa anajifunza kuogopa gobleti. Hapo sichekeshi na sibembelezi, hata bibi akikasirika.

Kama unataka kujua mtoto wa jirani, au wako, anakula vizuri, usiangalie nani anashika kijiko. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59 tuko na ile kamba ya rangi ya kupima mkono: juu ya milimita 125 ni kijani, kati ya 115 na 125 manjano, chini ya 115 nyekundu na hapo usilale naye nyumbani. Bonyeza pia juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu polepole mpaka tatu, kama shimo linabaki pande zote ni kuvimba, mlete leoleo hata kama ni mnene. Na kama anakohoa kila akila, chakula kinarudi puani, au alikuwa anajilisha na ghafla ameacha, hiyo si kudeka, mlete tumuone, wengine tunawatuma kwa watu wa kinezi, wale wa mazoezi ya mwili, na wanasaidika.

Ukija, kuja na sahani yake. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 tunatafuta kwa kila mlo afike robo tatu ya kikombe cha mililita 250 mpaka kikombe kizima, na maneno "anakula mingi" hayatusaidii kupima. Juma lililopita mama mmoja alikuja na kakopo ka margarini kenye mwanawe wa miezi ishirini anakulia, tukajaza maji, tukamimina kwenye kikombe cha kupimia, kikafika nusu tu. Alinyamaza, akaangalia kikombe, akaniuliza: "Na ile yenye anabakishiaka ndugu yake, dokta, tunaihesabu ku nani?"