Dhana Potofu Kuhusu Kupunguza Mwendo wa Magari Mitaani

Katika kila mtaa ninaoitwa kukagua barabara baada ya mtoto kugongwa, husikia maelezo yale yale: mtoto alivuka bila kuangalia, kwa hiyo shule ifundishe, madereva waelimishwe, kibao kisimikwe, basi. Kati ya dhana zote kuhusu usalama wa mitaa yetu, hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu humtwisha mtoto wa miaka saba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na barabara yenyewe.

Ukweli uko kwenye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika ile sekunde moja ambayo dereva makini huihitaji ili aone hatari na kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30, juu ya lami kavu, dereva huyo huyo huwa amekwishasimama kabisa ndani ya mita hizo hizo. Mtoto akichomoza mita 14 mbele, gari la kwanza humgonga kwa kasi yake yote, hata kama dereva hajaonja pombe, na la pili halimgusi. Hakuna semina inayobadilisha hesabu hiyo. Hubadilishwa na mwendo, na dereva hufuata mwendo ambao barabara inamruhusu. Mpe lami pana iliyonyooka, naye atakimbia, hata kibao cha 30 kikiwa mbele ya macho yake.

Ushahidi tunao hapa hapa Dar es Salaam. Mradi wa SARSAI, wa kukagua na kuboresha barabara zinazozunguka shule, unaoendeshwa na Amend, shirika la usalama barabarani, uliweka matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu na vizuizi vya kuzitenga na magari kuzunguka shule za msingi, na kiwango cha wanafunzi kujeruhiwa barabarani kikapungua kwa takriban robo; mwaka 2019 ukapewa tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha taasisi ya utafiti ya World Resources Institute kinachoshughulikia miji. Wanafunzi walifundishwa pia, nami siipingi elimu, lakini pale ilifuatana na ujenzi.

Wapo wanaoamini kwamba tuta likiwa kubwa ndivyo linavyofaa, wakamwaga kifusi usiku. Tuta la kitaalamu huwa na kimo cha milimita 75 hadi 100 na upana wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa magari, kiasi kwamba anayelivuka polepole haumii. Rundo la kifusi huangusha bodaboda, huzuia maji ya mvua na halionekani gizani.

Kuhusu wanaolalamika kwamba kupunguza mwendo kutawachelewesha: nusu kilomita kwa mwendo wa 30 badala ya 50 huongeza sekunde 24. Sioni la kujadili hapo.

Kivuko cha zebra nacho, kikiwa rangi tupu, hakimlazimishi dereva kupunguza mwendo. Kiinuliwe hadi usawa wa njia ya waenda kwa miguu, na barabara ibanwe mahali hapo ili anayevuka awe na hatua chache za kupiga. Mambo haya wananchi wayadai kwenye mkutano wa mtaa mchoro ukiwa bado haujapitishwa, kwa maana lami ikishamwagwa na mkandarasi akaondoka, hata tuta moja huhitaji bajeti mpya.