Nyumba ya kuunganisha si kibanda cha muda

Goma kuna imani ya zamani: nyumba hasa ni ya mawe na saruji, ile ya mbao, au ya vipande vilivyotengenezwa karakanani vikaja kuunganishwa kiwanjani, ni ya kujishikiza tu. Uzito ndio unaowadanganya watu. Ardhi ikitikisika, jengo zito hukumbwa na nguvu kubwa zaidi. Ukuta wa mawe usio na nondo hupasuka, fremu ya mbao iliyofungwa barabara huyumba na kurudi. Matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Mei 2021, yalipasua kuta nyingi mjini. (Lava yenyewe haichagui.)

Na umri? Marekani, kampuni ya Sears iliuza nyumba za vipande kwa katalogi kati ya 1908 na 1940, na nyingi bado zinakaliwa.

Adui wa mbao ni maji. Fundi anayejua kazi huinua boriti ya chini juu ya mawe ya lava isiguse udongo, kisha hurefusha mabati yapite ukuta ili mvua idondokee mbali. Akiruka hapo, mbao za chini zitaoza mapema, hata zingetoka kiwanda gani.