Kuchangia damu hakuifanyi damu ijae

"Ukishaanza kutoa damu, huachi. Usipotoa inajaa, kichwa kinauma, mpaka urudi tena." Maneno haya yamezunguka vijiweni na vyuoni kwa miaka mingi, na yamewarudisha nyumbani watu wenye afya waliokuwa tayari kujitolea. Si kweli.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu; anayechangia hutoa mililita 450 hivi. Majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana unapewa soda na kuambiwa utulie kwanza. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na hapa ndipo imani ile inapoanguka. Figo ndizo zinazopima. Zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni inayouamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe zaidi. Kiwango kikirudi, homoni nayo hushuka. Isitoshe, chembe nyekundu huishi siku 120 hivi kisha huvunjwa, uwe umechangia au hujachangia.

Kichwa kikikuuma miezi mitatu baadaye, tafadhali kapime presha.

Tanzania mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Ni ruhusa tu, hudaiwi. Kabla ya yote unatobolewa kidole kupima wingi wa damu. Ikiwa kidogo, hutolewi.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri ndugu watafutwe. Anahitaji chupa iliyokwisha kupimwa, ipo kwenye jokofu.