Barakoa, glavu na ngazi ya kamba: rubani wa meli ajikinge vipi?

Maswali haya yametoka kwa manahodha wa maboti wa Dunga, Kisumu. La kwanza ni la kijana mwenye kaka aliye rubani wa meli Mombasa, yaani mtu anayepanda melini kuiongoza iingie au itoke bandarini.

Daktari, wakati wa Korona kaka alivaa ovaroli ya plastiki, glavu na miwani. Vilimwongezea usalama?

Kwa virusi, ndiyo. Kwa bahari, inategemea alivivaa saa ngapi. Rubani hupelekwa kwa boti hadi ubavuni mwa meli, mara nyingi meli ingali inatembea, kisha hupanda ngazi ya kamba. Ngazi hiyo ikiwa peke yake inaruhusiwa kwa kimo cha hadi mita 9. Zaidi ya hapo sharti iunganishwe na ngazi ya pembeni ya meli. Mita 9 ni nyingi kwa mtu ambaye miwani yake imeshika ukungu na hakioni kipago kinachofuata. Glavu nyembamba za hospitali huchanika kambani, zikilowa huteleza. Ovaroli pana hunasa, na vile vifuniko vya plastiki vya viatu mimi ningevipiga marufuku kabisa ngazini. Ugonjwa huchukua siku kumlaza mtu. Maji humaliza kazi kwa dakika chache. Basi apande na barakoa iliyombana vyema puani na glavu za kazi zenye mshiko. Vingine avivae akishafika sitahani.

Jaketi la kuokoa maisha likae juu ya ovaroli au ndani?

Juu, siku zote. Lile linalojijaza hewa likifumukia ndani humbana kifua.

Na barakoa ikilowa?

Aibadilishe, maana kupumua kunakuwa kugumu. Abebe nyingine ndani ya mfuko usiopenya maji. Akiwa kwenye chumba cha usukani, barakoa hufifisha sauti na kuficha midomo, kwa hiyo kila agizo litamkwe polepole, na mshika usukani alirudie kabla ya kulitekeleza.

Sisi wa ziwani tunaogopa zaidi kipindupindu. Tuvae hayo yote?

Hapana, ndugu zangu. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula chenye kinyesi, barakoa haikizuii. Wekeni ndani ya boti sabuni, mtungi wa maji ya kunawa, na maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Abiria akianza kuharisha maji maji, mpeni maji ya chumvi na sukari ya ORS mkiwa njiani, na simu ipigwe kituo cha afya kabla hamjafika ufuoni.