Serikali hununuaje chanjo kupitia UNICEF, na hesabu huharibika wapi

Wengi wakiona nembo ya UNICEF kwenye boksi la chanjo hudhani ni msaada mtupu. Kwa chanjo za siku nyingi kama BCG, ile ya kifua kikuu, na matone ya polio, kwa kawaida mnunuzi ni serikali yenyewe. Shirika ni wakala wake. Kitengo cha ugavi kilichopo Copenhagen, Denmark, hukusanya mahitaji ya nchi nyingi, kikaingia mkataba na viwanda kwa pamoja, na bei ikashuka. Zile zilizokuja baadaye, kama penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) ambayo Tanzania iliianza mwaka 2009, serikali huchangia na Gavi, ubia wa kimataifa wa kugharamia chanjo, hulipa sehemu yake.

Kila kitu huanzia kwenye makadirio ya mwaka, na hapo ndipo naomba tuketi kidogo. Chukua mkoa wenye watoto 60,000 kwa mwaka na chanjo ya surua-rubella, inayotolewa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Lengo la asilimia 95 linakupa dozi 114,000 za kuingia mikononi mwa watoto. Lakini kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa hakivuki saa 6. Wakija watoto sita, nne zinamwagwa. Tuseme upotevu ni asilimia 40. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni kuongeza asilimia 40 juu ya 114,000, unapata 159,600. Sivyo. Katika kila dozi 100 ni 60 tu zinazomfikia mtoto, kwa hiyo unagawanya kwa 0.6, unapata 190,000, yaani vichupa 19,000. Tofauti ni dozi 30,400, na pengo hilo halionekani hadi miezi ya mwisho ya mwaka, mama ameshafika kliniki na mtoto mgongoni.

Vifaa vina hesabu yao. Mabomba ya kujifunga, yale yanayojifunga baada ya kuchoma mara moja, hufuata watoto, si dozi zilizomwagwa: 114,000 mara 1.11 ili kufidia yatakayoharibika, takriban 126,500. Mabomba ya kuchanganyia hufuata vichupa. Maji ya kuchanganyia lazima yatoke kiwanda kilekile kilichotengeneza chanjo, idadi sawa kwa sawa. Ya kiwanda kingine hayafai hata yakifanana kwa macho. Boksi la usalama hubeba mabomba 100. Juu ya yote weka akiba ya asilimia 25 ya mahitaji ya mwaka, ndiyo miezi mitatu.

Halafu fedha. Kwa kawaida UNICEF haitoi oda kabla malipo hayajaingia. Upo mfuko wa kutanguliza malipo kwa serikali, ulioanzishwa mwaka 1991, lakini una masharti na kikomo, na nchi lazima iurejeshee. Tatizo la kwetu ni kalenda: makadirio ya chanjo huhesabiwa Januari hadi Desemba, bajeti ya serikali huanza Julai. Fedha ikitoka Desemba haiwezi kuzaa chanjo ya Januari. BCG ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa viwanda vyenye ithibati ya WHO ni vichache na uzalishaji wake ni wa polepole. Kwa maoni yangu fungu la chanjo lingetakiwa kutoka robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, kabla ya semina na magari.

Kabla ndege haijaruka, kibali cha kuingiza na msamaha wa kodi viwe mkononi. Mzigo usifike sikukuu. Ndani ya saa 24 ijazwe ripoti ya kupokea: idadi, namba za toleo (yaani za kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani), cheti cha toleo, na usomaji wa kirekodi joto kilichomo ndani ya makasha.

Kwenye jokofu kipimo ni nyuzi 2 hadi 8. Joto tunaliogopa sote, na kichupa kina kiashiria chake: mraba uliomo ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana nalo kwa rangi au ukiwa mweusi zaidi, acha. Adui anayesahaulika ni baridi. Penta iliyoganda imekufa, na kiashiria hakitakwambia. Huganda hasa kwenye kibebeo, pale pakiti za barafu zinapotoka kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja. Ziache nje kwanza, uzitikise mpaka usikie maji yakicheza ndani.

Ukishuku kichupa kimeganda, gandisha makusudi kichupa kimoja cha toleo lilelile usiku kucha, kiyeyushe, ukitikise pamoja na kile unachokishuku, uviweke mezani na kuvitazama hadi nusu saa. Mashapo ya chenye shaka yakituama haraka kama ya kilichogandishwa, au haraka zaidi, usikitumie. Andika namba ya toleo na idadi kwenye leja siku ileile: kisipoandikwa, makadirio ya mwakani yatapigwa kwa kiwango cha upotevu cha zamani.